Kenchi ya Tatu

Tobha Beag, Kisiwa cha Lewis
9 Oktoba 1973

Mdogo wangu Torcuil,

Salamu zikufikie huko Dunedin, zangu na za jirani yangu Peigi, ambaye kila nikishika kalamu hunisimamia mgongoni kuhakikisha nimemtaja. Haya, nimemtaja, ameenda zake. Mimi mzima, miguu ndiyo ile ile unayoijua. Viazi vimetoka vizuri, shayiri imelazwa na upepo. Ng'ombe wetu Blàrag ana mimba tena, uzee haumtishi. Mwambie binti yako Ishbel soksi zake ziko njiani.

Nianze na la kheri. Nyumba yetu imeandikwa! Wale watu wa Jumuiya ya Nyumba Kongwe wamekubali kuitunza, mawe yake, nyasi zake na masizi yake, isije ikabomolewa kama zile nyingine kumi na moja. Bwana Laidlaw wao alikuja na tochi na daftari, akatazama paa mpaka kofia ikamdondoka. Alipofika kenchi ya tatu akaipapasa kama mtu anayenunua farasi. Nikamwambia, hiyo ni kazi ya mdogo wangu, mwaloni wa ile meli iliyovunjika, aliusimamisha akiwa na miaka kumi na saba baada ya tufani. Ameandika yote hayo. Amesema kwa ajili ya kenchi hiyo nyumba yetu imeshinda nyingine zote. Nitakaa humu mpaka nife, na wao wataezeka paa kila mwaka. Nisingeandikwa, serikali ya wilaya ingenipeleka kwenye vile vibanda vya saruji kule barabarani, nikaoze huko peke yangu na Blàrag auzwe.

Sasa la pili. Walitoa sharti moja tu, moto uzimwe. Wanasema moto katikati ya sakafu chini ya nyasi ni hatari. Torcuil, moto ule aliuwasha babu yake Baba. Mama akiufukia kwa majivu kila jioni, akiutajia Utatu, na asubuhi akiufukua ukiwa hai. Nimeumwagia maji kwa mkono wangu. Wamenipa hita ya umeme yenye waya mbili nyekundu, inang'aa bure, joto hakuna.

Na tangu siku ya tatu baada ya hapo, kuna kitu kinagonga juu. Nilikuwa nafuma, mchana kweupe. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Nikadhani ni Peigi mlangoni, nikasema ingia, hakuingia mtu. Kesho yake tena, mara tatu, hapo hapo juu.

Wewe ni mtoto wa seremala, sina haja ya kukufafanulia. Mbao zikigonga zenyewe, kuna jeneza linaagizwa. Humu ndani niko peke yangu, lakini mimi sina ninachoumwa. Ndugu niliyebaki naye duniani ni wewe. Hofu imenikaa rohoni, silali. Niambie kweli, unaumwa?

Dada yako,
Oighrig


Dunedin
27 Oktoba 1973

Dada Oighrig,

Barua yako imenifikia nikiwa mzima wa afya, kwa hiyo kunja lile shuka la maziko ulilokwisha kulitoa sandukuni. Najua umelitoa. Huku majira yamegeuka, miti inachanua, Ishbel amepata kazi ya ukatibu na ananifokea kuliko ulivyokuwa ukinifokea wewe. Karakana ya mashua bado naenda, siku tatu kwa wiki.

Hongera kwa kuandikwa. Baba angevimba kichwa.

Hayo ya kugonga, dada, mti ni mti. Ukikauka unalia, ukilowa unalia. Mzee Fionnlagh wa kanisani akikusikia atakwambia ni ushirikina, na safari hii niko upande wake. Ila nina maswali mawili, unijibu kwa haraka. Kunagonga upande gani hasa? Na je, paa linavuja?

Tena uwashe moto. Usimuulize Bwana Laidlaw. Weka matofali mawili matatu ya mboji kavu, ufunge mlango, moshi ukijaa ndani utoke polepole kwenye nyasi kama zamani. Akija mwambie unapika.

Peigi msalimu. Mwambie nimemkumbuka anavyoimba zaburi, na bado masikio yananiuma.

Mdogo wako,
Torcuil


Tobha Beag
19 Novemba 1973

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia nyote wazima. Peigi amenuna, kisha akacheka, kisha akanuna tena. Mtoto wa mwalimu amebatizwa. Mvua hainyeshi huku, inamwagwa.

Umeniuliza maswali ya seremala lakini swali langu la dada umeliruka kama mbuzi anayeruka ukuta. "Mzima wa afya." Hivyo ndivyo marehemu mume wangu alivyoandika kutoka melini mwaka wa arobaini na moja, na telegramu ikaitangulia barua.

Moto siwashi. Nimetia sahihi. Mimi si mtu wa kutia sahihi mchana na kudanganya jioni, hatukulelewa hivyo.

Paa, ndiyo, linavuja. Maji meusi ya masizi yanadondoka kila mahali, juu ya meza, juu ya Biblia, juu ya uji. Masizi ya miaka mia yanayeyuka. Mahali pamoja tu pamebaki pakavu, chini ya kenchi yako ya tatu, maana nyasi za hapo ni mpya. Basi nimekivuta kitanda changu nikakiweka hapo hapo. Nikilala chali naitazama ilivyo nene na nyeusi, nasema moyoni, kazi ya mdogo wangu inanifunika.

Na ni hapo ndipo panapogonga. Hapo hapo, juu ya kichwa changu. Sasa si mara moja kwa siku tena. Jana nimehesabu mara nne kabla ya chai. Blàrag naye anasikia, anaacha kucheua.

Ndiyo maana naogopa kwa ajili yako, Torcuil. Nyumba ina kenchi saba, kwa nini igonge iliyo ya mkono wako? Wakumbuka Baba alivyokuwa akiagiza mbao Stornoway? Hata akitengeneza kiti, hakosi kuongeza futi sita. Mama akimuuliza za nini, anajibu, "Hizo ni za fundi." Na tulimzika ndani ya hizo hizo. Siku ile kitandani, watu wamejaa, alikushika mkono akasema mbele ya kanisa zima, "Nakufa bila wasiwasi, maana Oighrig analala chini ya mwaloni wa Torcuil." Wewe ukatoka nje. Sisi tukadhani unalia.

Nijibu lile swali langu.

Oighrig


Dunedin
6 Desemba 1973

Dada,

Salamu. Sote wazima. Ishbel anakushukuru kwa soksi. Joto limeanza.

Ondoa kitanda hapo. Leo hii, ukimaliza kusoma, kabla ya kukunja karatasi. Kipeleke upande wa ng'ombe, ulale karibu na Blàrag, ukuta wa huko ni mnene. Mahali ulipo pana upepo wa chini unaoingia kwenye mifupa, na wewe miguu yako ni mibovu.

Usilale chini ya kenchi ile. Usifume chini yake. Usimweke mgeni chini yake. Usiniulize kwa nini, mimi ndiye fundi na wewe ni mfumaji.

Uwashe moto, nakusihi. Mboji ikiwaka wiki moja mfululizo huenda mambo yakatulia. Sijui. Niliacha kazi ya mapaa zamani.

Samahani kwa doa hapo pembeni, nilikohoa nikiwa na chai mkononi.

Torcuil


Tobha Beag
2 Januari 1974

Torcuil,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Ishbel. Barua yako ya tarehe sita Desemba imefika juzi. Meli haikuvuka siku tisa kwa dhoruba. Hatukupata unga wala magazeti, na Murchadh wa posta alikuwa akipita na mkoba mtupu ili tu watu wamwone. Mwaka mpya aliyetangulia kuingia kwangu alikuwa Peigi, mwanamke mwenye nywele nyekundu, mikono mitupu! Mkosi gani mkubwa kuliko huo? Nilimwambia rudi, toka, mtangulize mwanamume mwenye nywele nyeusi na tofali la mboji mkononi. Akasema anasikia baridi, akakaa.

Sasa nisikilize na wewe. Mimi si mtoto. Unaniamuru kutoka ng'ambo ya dunia nikalale na ng'ombe kwa sababu ya upepo? Katika nyumba hii nimelala miaka sitini na minne, upepo wote naujua kwa majina. Kuna neno unalolimeza. Na chai haiachi doa jekundu, Torcuil. Nimelipeleka dirishani nikalitazama vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, hayo alisema Mama, sisemi mimi.

Kitanda sijakihamisha. Nikihama hapo nitakuwa nimekubali kwamba kugonga kule ni kwako. Nikibaki hapo chini, nikilala na kuamka mzima, najiona kama nashikilia kitu kisianguke. Najua ni upumbavu. Woga hauna akili.

Lakini siku ya Krismasi jambo limetokea. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimekaa kitandani na bakuli la uji. Ngo, ngo, ngo, kisha kitu kikaanguka bakulini, uji ukaniunguza mkono. Ni kipande cha mti, kirefu kama kidole cha shahada, cha mviringo, nusu yake imeoza, inapondeka. Nimekiosha. Kina rangi ya bluu upande mmoja. Sijamwonyesha Bwana Laidlaw, kwa sababu alama ya kifo haionyeshwi wageni, na kwa sababu naogopa akiona paa linamwaga vijiti atalifuta jina langu kwenye daftari.

Nimekitia humu kwenye bahasha. Wewe fundi, utakijua.

Oighrig


Dunedin
21 Januari 1974

Dada yangu Oighrig,

Leo sina habari za nyumbani. Ishbel mzima, basi.

Nilifungua bahasha mezani na kile kipande kikabiringika. Nilikijua kabla sijakishika. Rangi ya bluu ile ni ya mpini wa ufagio wa Mama, ule alioutafuta wiki nzima akamsingizia Peigi.

Dada, kenchi ya tatu si mwaloni. Haijawahi kuwa mwaloni.

Mwaka ule wa tufani Baba aliumia mkono, akanituma ufukweni nikachukue lile boriti la meli. Nililichukua. Lakini kulikuwa na yule msichana wa ng'ambo ya ziwa, na mimi sikuwa na mashua. Boriti la mwaloni nikalificha pangoni, na miezi miwili baadaye likawa mkuku, uti wa mgongo wa mashua yangu, ile niliyowaambia nimepewa na mjomba. Kwenye paa nikaweka msonobari ulioletwa na maji, ulioungwa katikati, moyo wake umeoza tayari. Nikaupaka masizi na mafuta ya samaki. Kiungo nikakishika kwa vigingi vya mpini wa ufagio, maana vigingi vya mwaloni vingenichukua siku mbili, na msichana alikuwa akingoja Jumamosi. Akaolewa na mwingine, kama wajua. Mashua ikazama.

Nilisema moyoni nitarekebisha majira ya kiangazi. Baba akaja akatazama kutoka chini, ndani ya moshi, mkono kwenye kitambaa, akasema, "Sasa wewe ni fundi." Ningeanzia wapi kumwambia? Kisha akafa akinisifu mbele ya watu wote. Sikutoka kwenda kulia, dada. Nilitoka kwenda kutapika. Miezi sita baadaye nikapanda meli.

Miaka thelathini na tisa moshi umelikausha lile gogo bovu likasimama. Moto ndio uliokuwa fundi, si mimi. Ulipozimwa, unyevu umeingia kwenye kiungo, vigingi vinavimba, vinateleza, vinakatika. Kila ngo unayosikia ni mti unaoachia mti. Viko vitano. Kimoja ninacho hapa mezani.

Tangu Oktoba nilijua. Nilikwambia uwashe moto nikitumaini jambo litajificha lenyewe tena. Nilijisemea nikikiri, Laidlaw atakufuta na utatupwa kwenye saruji kwa ajili yangu. Hilo ni kweli, lakini si lote. Lililobaki ni kwamba niliona haya. Mzee Fionnlagh alikuwepo pale kitandani kwa Baba. Wote walikuwepo.

Leo nimekwenda mara mbili kwenye dirisha la telegramu. Mara mbili nimerudi. Barua unaisoma wewe peke yako. Telegramu ataiandika karani wa Stornoway, na Tobha Beag nzima itajua kabla ya chai. Nimesimama pale na kofia mkononi, nikichagua kati ya jina langu na kichwa chako, na nikarudi nyumbani! Mara mbili! Sasa unajua mdogo wako ni mtu wa namna gani.

22 Januari. Sikulala. Nimehesabu siku, na barua hii itachukua kumi au ishirini. Nimekwenda tena asubuhi dirisha likifunguliwa. Nimeipeleka. Ukisoma haya utakuwa umekwisha kuipata. Mungu na ajalie unasoma.

Torcuil


Tobha Beag, kwa Peigi
4 Februari 1974

Mdogo wangu Torcuil,

Nasoma. Niko hai, nina mkono uliofungwa kitambaa, na naandikia jikoni kwa Peigi, ambaye leo nimemkataza kusimama nyuma yangu. Barua yako ya kukiri imefika juzi Jumamosi. Nimeisoma, ingawa lililo kubwa nilikuwa nimekwisha kulijua, na utaona kwa nini.

Siku ya Jumatano, tarehe ishirini na tatu, saa saba mchana, Murchadh alikuja amevua kofia kwenye mvua. Nilipoiona kofia mkononi nikaweka ufumaji chini. Alinipa telegramu bila kunitazama, akasema, "Pole, mama," akaenda. Yeye hakujua kilichomo, imetoka Stornoway imefungwa, lakini nani amewahi kuletewa telegramu ya heri hapa Tobha Beag? Ya mume wangu ilikuja hivyo hivyo. Nikakaa kitandani, chini ya kenchi yako, nikaishika. Juu ikagonga. Ngo, ngo, ngo. Nikasema, nimesikia, nimekwisha kusikia, acha.

Sikuifungua. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba umekufa. Nilidhani nisipoifungua utabaki hai kidogo zaidi.

Murchadh alikuwa amewaambia njia nzima. Saa nane Peigi ameingia, akasimamisha saa ya ukutani, akageuza kioo. Wakaja wengine na viti vyao. Wajua kwetu, msiba ukiingia nyumba haikai tupu, ibada inaanza siku hiyo hiyo. Walifika zaidi ya thelathini, Torcuil. Thelathini! Kina mama kwenye kitanda changu sita kwa mpigo, wanaume wamejibana ukutani, watoto miguuni, Blàrag analia kule chini. Mvuke ukatoka kwenye makoti mpaka ukawa moshi wa zamani. Wote wamejipanga pale pakavu. Mahali pale pale pamoja palipobaki pakavu.

Peigi akasema, "Ifungue basi, Oighrig, tujue ni lini." Mzee Fionnlagh akainua mkono. "Neno la Mungu kwanza, maneno ya posta baadaye." Akaichukua telegramu, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaanza kuomba.

Unajua urefu wa sala za Fionnlagh. Alimwombea marehemu, yaani wewe, akakutaja kwa kazi yako. Akasema paa hili lililo juu yetu ni ushuhuda wa mtu mwaminifu. Akasema mwaloni. Hapo ikagonga, watu wote wakaisikia, mtoto mmoja akalia. Wanaume wakainamisha vichwa zaidi. Wote waliamini ndiwe. Kisha tukaimba zaburi, Peigi akiongoza, na wewe ulisema kweli kuhusu sauti yake, nyasi zilikuwa zikitupukutikia mabegani. Ikagonga mara mbili wakati wa zaburi. Hatukuacha kuimba. Nani anaacha zaburi katikati?

Ndipo Fionnlagh akavaa miwani, akafungua bahasha, akasoma kwa sauti ile ile ya mimbarini, "Toka ndani leo. Kenchi ya tatu si mwaloni. Nilidanganya. Torcuil."

Akaisoma tena polepole, kama mtu anayetafuta mahali uliposema umekufa.

Peigi akasema, "Ala! Maiti amejiandikia telegramu mwenyewe?"

Mtu mmoja akacheka. Nadhani ni mimi. Kisha nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza nikaona kile kiungo katikati, kimefunguka, naweza kuingiza ngumi. Nikapiga ukelele ambao sijaupiga tangu nizaliwe. Tokeni! Tokeni wote!

Mlango wetu unaujua, mtu huinama ndipo atoke, mmoja mmoja. Sitaki kukueleza dakika zile. Watoto walirushwa nje kama mafungu ya nyasi. Fionnlagh alisimama chini ya kenchi, mabega yake juu, mikono ikilishika boriti lako, mzee wa miaka sabini na sita, anasema tu, "Watoto kwanza. Watoto kwanza." Mimi nikaenda kumfungua Blàrag, ndiko nilikoumiza mkono. Fionnlagh alikuwa wa mwisho. Alipotoka hakukimbia. Alifika ukutani akageuka.

Haikuanguka kwa kishindo. Ililala chini taratibu, kama ng'ombe anavyopiga magoti, nyasi, udongo, mawe yaliyoning'inia kwenye kamba za paa na yote. Kitanda changu siku ya pili tulikikuta kimekuwa bapa. Viti vya watu pia. Watu walisimama kwenye mvua, kila mmoja anahesabu watoto wake, anahesabu tena.

Kwa hiyo jina lako limesomwa, Torcuil. Halikusomwa kwangu peke yangu, limesomwa kwa kanisa zima, na Fionnlagh mwenyewe, baada ya sala. Lile uliloliogopa miaka thelathini na tisa limetokea, tena vibaya kuliko ulivyowaza. Na nikwambie lililofuata. Fionnlagh alivua miwani akaifuta akasema, "Angengoja siku moja zaidi tungekuwa tunazikana." Baadaye akasema, "Siku moja pungufu, na tusingeimba bure." Hajasema jingine. Wengine wanakusema sana, sitakuficha. Mama wa yule mtoto aliyelia hataki kusikia jina lako.

Na mimi? Nilikukasirikia siku nne. Nilikuwa nalala chini ya jina lako, nakuombea, na wewe unajua! Unaniandikia habari za upepo! Siku ya tano hasira imeisha, sijui imekwenda wapi. Na tangu nisome barua yako nimebaki na huzuni kwa yule kijana wa miaka kumi na saba aliyetapika nje ya mlango, na hakuna aliyetoka kumshika kichwa.

Bwana Laidlaw alikuja juzi jioni, nimekwisha kusoma barua yako, nikamwambia yote, pamoja na ufagio. Nilidhani atafuta. Akakaa juu ya jiwe akasema kosa lao ni la moto na hataficha. Nyumba inabaki kwenye daftari. Wataisimamisha tena, na moto utawashwa, ameandika. Wanatafuta fundi anayejua mapaa haya yalivyofungwa, kisiwani hayupo tena. Nikamwambia yupo mmoja, ni mwongo, lakini anajua.

Sasa lililonifanya niandike leo badala ya kesho. Kenchi imeanguka. Vigingi vimeisha. Umenieleza vizuri kwamba kugonga kulikuwa kwa mti unaoachia mti, na nimekuamini. Lakini nyumba hii ya Peigi ni ya saruji, dari ni ya bati na chokaa, haina kenchi ya mti hata moja. Na jana, baada ya ibada ya asubuhi, tumekaa hapa wawili na chai. Ngo, ngo, ngo.

Peigi amesikia. Aliweka kikombe chini.

Umejibu kila kitu isipokuwa swali langu la kwanza. Nakuuliza mara ya mwisho, mdogo wangu. Lile doa.

Oighrig


Dunedin
19 Februari 1974

Dada yangu mpenzi,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na Ishbel akalia kwenye sala ya Fionnlagh akacheka kwenye ya Peigi. Mshike Fionnlagh mkono kwa niaba yangu. Kwa yule mama, nitakwenda mwenyewe mlangoni kwake.

Ndege ni ya tarehe kumi na mbili Machi. Daktari amenikataza na mimi nimemkatalia. Shoka la Baba ninalo, limenolewa. Usimwache mtu yeyote akate boriti kabla sijafika, na vigingi nitachonga mimi, vyote vya mwaloni, hata vikinichukua siku mbili kila kimoja.

Mwambie Bwana Laidlaw aagize mti mapema. Kenchi inataka futi kumi na nne. Wewe mwambie ishirini. Akiuliza zilizozidi ni za nini, wajua jibu la Baba.

Uwashe moto nikifika.

Torcuil